Mhadhara, kisa, igizo au wodi: ufundishe vipi dawa za mfumo wa fahamu na afya ya akili?

Mwalimu wa famasia akikabidhiwa kozi ya dawa za magonjwa ya mfumo wa fahamu na afya ya akili, orodha ya mada huwa haimsumbui. Kifafa kimo, Parkinson imo, kipandauso, sonona, skizofrenia, bipola, wasiwasi uliopitiliza na kukosa usingizi vyote vimo. Kinachomkosesha usingizi yeye ni njia. Asimame mbele ya darasa na kufundisha kundi moja la dawa baada ya jingine? Awagawe wanafunzi katika vikundi na kuwapa visa vya wagonjwa? Alete mgonjwa wa kuigiza? Au awapeleke wodini wakajionee?

Njia hizo nne zina watetezi wake, na kila mtetezi ana hoja. Ugumu ni kwamba kozi hii haifanani na nyingine. Anayefundisha dawa za presha ana mashine inayosoma namba, na wa kisukari ana kipimo cha sukari. Sonona haina kipimo cha damu, unategemea maneno ya mgonjwa mwenyewe na madodoso anayojaza. Kifafa unakipima kwa kuhesabu degedege za miezi. Halafu dawa zenyewe zina tabia ya kukatisha tamaa: dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, au zaidi, kabla ya nafuu kuonekana, ilhali kichefuchefu huanza siku za mwanzo. Mgonjwa anaonja ubaya wa dawa kabla ya uzuri wake, kisha anaiacha.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechukua vinne. Cha kwanza, je, mwanafunzi anaelewa dawa inavyofanya kazi kiasi cha kuweza kuunganisha faida na madhara yake, na je, uelewa huo unadumu? Cha pili, anajifunza kuamua pale taarifa zisipokamilika? Cha tatu, anajifunza kuzungumza na mgonjwa? Cha nne ni gharama: walimu, muda, usalama, na namna ya kumpima mwanafunzi mwishoni.

Ili tusibaki hewani, nitampitisha mgonjwa mmoja wa kubuni katika njia zote nne. Ni mwanamume wa miaka 52 mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ametumia lithiamu, dawa ya kuutuliza, kwa miaka na hali yake imetulia. Hivi karibuni daktari mwingine amemwanzishia dawa ya presha ya kundi la thiazaidi. Leo amefika kwenye dirisha la dawa kuomba ibuprofeni, mgongo unamuuma. Anaponyoosha mkono, mkono unatetemeka.

Njia ya kwanza: mhadhara

*Uelewa.* Mhadhara umesemwa vibaya kupita kiasi. Kuna mambo ambayo mwanafunzi akiachwa ayagundue mwenyewe atachukua muhula mzima, na mwalimu mzuri anayamaliza kwa saa moja. Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, ni mfano. Dawa za skizofrenia huziba vipokezi vyake, na ndiyo maana hutuliza sauti zisizokuwepo. Zikiziba katika njia inayoratibu mwendo, mgonjwa anakakamaa na kutetemeka. Zikiziba katika njia inayodhibiti prolaktini, homoni ya maziwa, maziwa yanaweza kutoka kwa asiyenyonyesha. Geuza upande wa pili: mgonjwa wa Parkinson anaongezewa dopamini kwa levodopa, na baadhi yao huanza kuona vitu visivyokuwepo. Hapo mwanafunzi anaelewa pia kwa nini metoklopramidi, dawa ya kawaida ya kutapika, humharibia mgonjwa wa Parkinson: inaingia kwenye ubongo na kuziba kilekile anachokosa. Uzi mmoja umeshona magonjwa mawili na dawa ya tatu.

Mfano mwingine ni fenitoini, dawa ya kifafa. Hii haifundishiki bila ubao. Chukua mtu ambaye mwili wake unaweza kuondoa miligramu 490 kwa siku kwa kiwango chake cha juu kabisa, na kiwango cha dawa ambacho uondoaji unafikia nusu ya hapo ni miligramu 4 kwa lita. Ukichukulia kwamba dozi yote inafyonzwa, akimeza miligramu 300 kwa siku, kiwango chake kwenye damu kitatulia karibu na 6. Mpandishe hadi 400, kitafika karibu 18. Ongeza 50 tu, ziwe 450, kitafika 45, wakati kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni 10 hadi 20. Mwanafunzi aliyekokotoa hesabu hiyo kwa mkono wake hatapandisha fenitoini kiholela maisha yake yote.

*Kuamua.* Hapa mhadhara unapwaya. Mgonjwa wetu wa lithiamu anageuka kuwa mstari ndani ya jedwali: ibuprofeni na thiazaidi hupunguza uwezo wa figo kuondoa lithiamu, kiwango kinapanda. Mwanafunzi ananakili na kupata alama zake. Kwenye dirisha la dawa hakuna jedwali, kuna mtu mwenye mgongo unaouma.

*Kuzungumza.* Hakuna.

*Gharama.* Nafuu kuliko zote: mwalimu mmoja, ukumbi mmoja, wanafunzi hata 200. Mtihani wa kuchagua jibu unasahihishwa kwa dakika chache. Unafuu huohuo ndio mtego, kwa sababu humshawishi mwalimu aongeze slaidi hadi somo linakuwa usomaji wa orodha.

Inawafaa wanaoanza, madarasa makubwa, na mada zenye utaratibu wa ndani unaohitaji kuelezwa hatua kwa hatua.

Njia ya pili: visa katika vikundi

Kuna sura mbili, na watu huzichanganya. Moja ilianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1960: kikundi kidogo, mwezeshaji wake, na kisa kinachowalazimisha wanafunzi wenyewe kutafuta wanachohitaji kujua. Ya pili iliasisiwa na Larry Michaelsen huko Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya darasa lake kuwa kubwa mno. Hapa vikundi vyote viko ukumbi mmoja na mwalimu mmoja. Wanafunzi wanasoma kabla, wanafanya jaribio kila mtu peke yake, wanalirudia kikundi kizima, kisha wanapewa kisa kimoja na kuonyesha majibu yao kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye gharama, kama tutakavyoona.

*Uelewa.* Unakuja polepole lakini unakaa, maana mwanafunzi amelitafuta jibu akiwa na sababu ya kulitaka. Kasoro yake ni mapengo: dawa ambayo haikuingia kwenye kisa chochote inaweza kumpita kabisa.

*Kuamua.* Hapa ndipo njia hii inapoonyesha thamani yake, hasa kisa kikitolewa vipandevipande. Kipande cha kwanza: mwanamume anayetumia lithiamu anaomba ibuprofeni. Vikundi vingi vitajibu haraka, mpe parasetamoli badala yake. Jibu ni sahihi, na ni hatari kwa sababu linaonekana limekamilika. Kipande cha pili: ameanza thiazaidi hivi karibuni. Kipande cha tatu: mkono unatetemeka kwa mtikisiko mkubwa, si ule mtetemo mwembamba aliouzoea, na ameharisha siku mbili. Sasa parasetamoli imekuwa jambo dogo. Anahitaji kuonwa na daktari leo.

Kisha unawaletea kipande cha nne, kiwango cha lithiamu kwenye damu kutoka maabara: 1.4. Kiwango kinacholengwa kwa mtu aliyetulia kwa kawaida ni 0.6 hadi 1.0 milimoli kwa lita, na dalili za sumu hutarajiwa zaidi kuanzia 1.5. Kikundi kimoja kitasema haijafika. Kingine kitauliza damu ilitolewa saa ngapi, na hilo ndilo swali zuri, kwa kuwa kipimo husomwa vizuri saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikitolewa mapema zaidi, namba inadanganya. Cha tatu, ukiwa na bahati, kitasema namba isimshinde mgonjwa aliye mbele yako, kwani anayetumia lithiamu kwa muda mrefu anaweza kuonyesha dalili za sumu hata namba ikiwa si ya kutisha. Mabishano hayo ya dakika 20 hayapatikani kwenye slaidi.

Vivyo hivyo kisa cha mwanamke wa miaka 24 ambaye hajapata degedege kwa miaka mitatu akiwa kwenye valproeti, na sasa anataka mtoto. Dawa hiyo ikitumika wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 kati ya 100 wanaweza kuwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Kuikatisha ghafla kunaweza kurudisha degedege zinazoua. Kumhamishia kwenye lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, kunahitaji wiki nyingi za kupandisha dozi taratibu, na kwa kuwa valproeti huongeza kiwango cha lamotrijini mwilini takriban mara mbili, ukikimbiza dozi unamwalika upele mbaya wa ngozi. Hakuna jibu moja safi. Wanafunzi wanaotaka jibu la kukariri huchukia kisa hiki, na mimi nakipenda kwa sababu hiyohiyo.

*Kuzungumza.* Wanazungumza wao kwa wao. Wanajifunza kutetea hoja, hawajifunzi kumsikiliza mtu aliyeogopa.

*Gharama.* Kuandika kisa kizuri ni kazi ya siku kadhaa. Sura ya McMaster inahitaji mwezeshaji kwa kila kikundi, na mwezeshaji mwenyewe lazima awe na kipaji adimu cha kunyamaza. Sura ya Michaelsen inaendeshwa na mwalimu mmoja. Na kwa zote mbili kuna sharti: mtihani ubadilike. Ukifundisha kwa visa kisha ukapima kwa maswali ya kukumbuka, wanafunzi watajua la kufanya, na si kusoma visa.

Njia ya tatu: mgonjwa wa kuigiza

Inapendeza kujua kwamba mwasisi wake, Howard Barrows, alikuwa daktari wa mfumo wa fahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko California alianza kumfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa mwenye tatizo la mfumo wa fahamu ili wanafunzi wampime. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha mfumo wa mtihani wa vituo, ambamo mwanafunzi anazunguka kituo hadi kituo na kupimwa kwa anachotenda. Mitihani mingi ya vitendo ya famasia leo imejengwa juu ya wazo hilo.

*Uelewa.* Igizo halifundishi namna dawa inavyofanya kazi. Linafichua tu kama mwanafunzi ameielewa kiasi cha kuieleza kwa lugha ya kawaida.

*Kuamua.* Wastani. Mwanafunzi anaamua papo kwa papo, lakini kituo cha dakika nane hakina nafasi ya kisa kirefu.

*Kuzungumza.* Hapa hakuna inayoikaribia. Mwigizaji wa mgonjwa wetu anasogea dirishani na kusema kwa sauti ya chini kwamba anatumia "ile dawa yangu ya kila siku". Halitaji jina, nyuma yake kuna foleni. Mwanafunzi mmoja anauliza kwa sauti ya juu, "Dawa gani?" Mwingine anamwomba wasogee pembeni. Mtihani mzima umeshaamuliwa hapo, kabla ya neno lithiamu kutajwa.

Swali la kujiua ndilo linalowashinda wengi. Wanafunzi huliuliza hivi: "Huna mawazo mabaya, sivyo?" Swali la namna hiyo linaomba jibu la hapana. Wengine hawaulizi kabisa, wakiogopa kumpa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo, ingawa tafiti hazijaonyesha kwamba kuuliza huongeza hatari. Kusema "Je, umewahi kufikiria kujiua?" kwa sauti tulivu, macho yakiwa kwa mgonjwa, ni jambo ambalo mdomo unalizoea kwa kulirudia. Hadi mwanafunzi alitamke mara kadhaa mbele ya mtu, halitoki.

Kuna maswali mengine yanayohitaji mazoezi kama hayo. Mgonjwa anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia, aulizwe kama ameacha sigara siku za karibuni, kwa kuwa moshi huharakisha ini kuiondoa dawa hiyo, na akiacha ghafla kiwango kinaweza kupanda vibaya. Wanafunzi wengi wanalijua hilo kwenye karatasi. Wachache hukumbuka kuuliza, kwa sababu kuacha sigara ni jambo la kupongezwa na pongezi huwatoka kwanza.

*Gharama.* Kufundisha waigizaji, vyumba, na muda wa kumrejeshea kila mwanafunzi maoni. Kuna na hatari ya aina yake: mwigizaji anayeigiza saikosisi (hali ya kupotewa na uhalisia) kama kichekesho anapandikiza unyanyapaa uleule uliotaka kuung'oa. Binafsi, kwa skizofrenia, ningependa zaidi mtu aliyeugua kweli na akapata nafuu aje kuzungumza na darasa kwa hiari yake, na igizo nilitumie kwa sonona, wasiwasi na ushauri wa dawa.

Njia ya nne: wodi na kliniki

*Uelewa.* Unachokiona kwa mtu ni vigumu kukisahau. Mwanafunzi aliyemwona kijana amechomwa haloperidoli, mojawapo ya dawa zinazoziba dopamini, na kesho yake akamkuta shingo imepinda na macho yamegeukia juu, kisha akaona anavyolegea baada ya sindano ya dawa inayozuia asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, hahitaji kukariri ukurasa huo tena. Tatizo ni bahati. Mwingine atamaliza zamu yake bila kuona hata mgonjwa mmoja wa Parkinson.

*Kuamua.* Ni kwa kweli, na kuna watu wengine chumbani wanaoamua pia. Hapa mwanafunzi anajifunza kumwambia daktari jambo asilotaka kulisikia. Pia anaona yasiyoandikwa kwenye kisa chochote: anafungua faili la mtu anayetumia lithiamu na kukuta miezi mingi imepita bila kipimo cha kiwango chake, bila kipimo cha figo, bila kipimo cha tezi ya shingo. Kosa halikuwa la uchaguzi wa dawa. Ni mfumo uliomsahau mtu kwa sababu alikuwa anaendelea vizuri.

*Kuzungumza.* Inategemea msimamizi. Wapo wanaomketisha mwanafunzi na mgonjwa, na wapo wanaomgeuza mbeba mafaili.

*Gharama.* Wasimamizi wachache, nafasi chache, faragha ya mgonjwa ambaye hakuja hospitalini kufundishia mtu. Ridhaa yake iombwe kila mara, na akikataa isijadiliwe. Mwanafunzi naye alindwe: wodi ya afya ya akili inaweza kugusa mambo ya nyumbani kwao, na awepo mtu wa kuzungumza naye. Kisha kuna kalenda. Zamu ya wiki nne inaweza kwisha kabla dawa ya sonona haijafanya kazi, na mwanafunzi akaondoka akiamini haikufaa.

Uchague vipi kulingana na hali yako

*Wanafunzi hawajasoma famakolojia ya ubongo.* Anza na mhadhara, usione haya. Kisa kwa asiyejua vipokezi ni kubahatisha kwa pamoja.

*Darasa ni kubwa na walimu ni wawili au watatu.* Punguza mihadhara hadi mada zinazohitaji ubao kweli (dopamini, fenitoini, mwingiliano wa dawa za kifafa), kisha muda unaobaki uutumie kwa visa kwa mtindo wa Michaelsen. Visa vichache vizuri, lithiamu na valproeti vikiwemo, vitakusaidia kuliko visa vingi vya haraka.

*Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakaribia kwenda kwenye dirisha la dawa.* Weka igizo kabla ya wodi. Anayekwenda wodini akiwa amekwisha kuuliza swali la kujiua darasani atalithubutu huko. Bajeti ikiwa ndogo, wanafunzi waigize wao kwa wao, ila wachanganye madarasa ili mwigizaji na mwenzake wasiwe marafiki.

*Una wodi moja na wanafunzi wengi.* Usiwapeleke wote kwa pamoja wakasimama kuzunguka kitanda. Waende wachache wachache, na kila mmoja akabidhiwe mgonjwa mmoja wa kliniki, kwa ridhaa yake, amfuatilie kupitia ziara zake muhula mzima. Hiyo pia inatibu tatizo la kalenda.

*Mtihani wa leseni ni wa kuchagua jibu.* Visa vinaweza kuendelea, lakini kila kisa kimalizwe kwa maswali machache ya sura ya mtihani. Wanafunzi wakiona uhusiano huo, manung'uniko hupungua.

*Unawafundisha wafamasia walio kazini.* Acha mihadhara mirefu. Kila mmoja alete mgonjwa aliyemtatiza, majina na alama zote za utambulisho zikiwa zimeondolewa. Vikundi vya watu wa kazi hufika haraka kwenye maswali ambayo wanafunzi huchukua wiki kuyafikia.

*Unafundisha kwa njia ya mtandao.* Rekodi mihadhara wasikilize kwa wakati wao, na vipindi vya moja kwa moja vibaki vya visa. Igizo lifanyike kwa simu, bila video: mgonjwa wa klozapini anapiga kuomba dawa ya mwezi ujao, na mwanafunzi ana sauti tu ya kumwongoza kuuliza kuhusu homa, koo linalouma na sigara.